Mwalimu Lazima Afe Kwanza

Mdogo wangu amekufa kwa upanga, amekufa kwa sumu, amekufa kwa mshale wa mgongoni, na mwaka juzi alikufa kwa kusukumwa kutoka juu ya jabali ambalo kwa kweli lilikuwa lundo la kokoto nyuma ya kiwanda cha matofali. Mara zote amekufa vizuri, hilo simnyimi. Anashika kifua, anakohoa, anamtazama mwanafunzi wake kwa macho ya kuaga, anatoa neno lake la hekima, halafu kichwa kinalala upande wa kushoto, kwa sababu upande wa kulia shingo inamuuma. Mtaani wameshasahau jina lake. Wanamwita Marehemu.

"Marehemu, umeamkaje?"

"Mzima kabisa."

"Marehemu, ukuta wangu utaumaliza lini?"

Naye anaitika bila kinyongo, kama vile jina hilo alipewa na baba yetu.

Kazi yake ya kweli ni rangi. Anapaka nyumba za watu ndani na nje, na ukimwangalia masikioni utajua wiki hii yuko kwenye nyumba ya rangi gani. Filamu ni ugonjwa. Ulimwanza utotoni, jirani yetu mmoja alipoleta video na sisi watoto tukawa tunajazana sakafuni kwake kuangalia picha za Kichina. Mabwana wenye nywele ndefu na majoho mapana, wanakanyaga ncha za miti bila tawi kuinama, wanapita juu ya maji bila viatu kulowa. Watoto wengine walitoka pale wakapiga mateke hewani mpaka wakachoka, wakasahau. Yeye alipanda juu ya paa la stoo, akafumba macho, akavuta pumzi, akaanza kutembea kuelekea mti wa jirani. Nilimwokota chini, mkono umevunjika. Nikamuuliza, wewe mtoto umefanya nini? Akaniambia huku machozi yanamtoka, "Pumzi, dada. Nilikosea pumzi."

Mpaka leo, mtu mzima mwenye mke na watoto, anaamini kosa lilikuwa pumzi.

Anayetengeneza hizo filamu ni kijana mmoja tunayemwita Mwongozaji. Alianza kwa kupiga video za harusi, na harusi haijamtoka. Kila filamu yake inaisha watu wamepangwa mistari miwili, mashujaa wanapita katikati taratibu, huku na huku wanapigiwa makofi. Kinachokosekana ni keki tu. Huyo ndiye aliyemwona mdogo wangu juu ya ngazi, nywele zimeingia mvi mapema, rangi nyeupe imemdondokea kidevuni kama ndevu, akamwambia, "Mzee, uso wako ni uso wa kuaga." Mtu mwingine angetukana. Wa kwetu alishuka kwenye ngazi akiwa mwalimu wa mapanga.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, suruali na mapazia. Kwenye filamu niliingizwa kwa sababu mwalimu anahitaji joho na dada yake ana cherehani. Basi, hakuna aliyeniuliza. Wanafunzi wa mwalimu nao wakahitaji majoho. Maadui wao pia. Nimeshona majoho ya majeshi mawili, na wote wakija kwangu wanasema mkono umebana.

Na mama. Hapo ndipo penye shida.

Filamu ikiwa tayari, Mwongozaji huionyesha kwenye ukumbi wa mtaa, Jumapili mchana, madirisha yamezibwa mablanketi, shuka jeupe limetundikwa ukutani. Mama hukaa kiti cha mbele kabisa kwa sababu ya macho. Jicho la kushoto limeshaingia ukungu, na daktari anasema la kulia linafuata njia hiyo hiyo. Mwanawe akitokea tu, mama anamgusa jirani yake, "Huyo wangu." Mwanawe akikohoa, mama anasimama. Anashika mkoba, anajifunga mtandio, anatoka katikati ya watu wala haombi radhi. Watu wameshamzoea kiasi kwamba mama akigusa mkoba wake wanasema, "Tayari, mwalimu anakwenda." Mwongozaji alikuja siku moja kunilalamikia kwamba mama anamharibia utamu. Nikamjibu amwambie mwenyewe. Hakuthubutu.

"Uchuro," ndivyo asemavyo mama. "Mtu hachezi kufa kwake. Nimemzaa mimi, nimemnyonyesha mimi, halafu nikakae kwenye kiti nimtazame anakata roho watu wanatafuna karanga?"

Na mdogo wangu, kwa kuwa anajua mama atatoka, husimama mlangoni filamu yote, tayari kumshika mkono warudi nyumbani wote wawili. Kwa hiyo yeye naye hajawahi kuona mwisho wa filamu hata moja aliyocheza. Hebu fikiria ujinga huo.

Baada ya ile filamu ya jabali, mama alimwita akamwambia mbele yangu. Alisema macho yake hayana muda mrefu. Kabla hayajafunga anataka kumwona mwanawe kwenye lile shuka, mzima, amesimama kwa miguu yake, mpaka taa ziwashwe. Mara moja tu. Kama haiwezekani, basi haendi tena ukumbini, na mtu asimfuate kumbembeleza.

Mdogo wangu akasema, "Safari hii sifi, mama." Akamaanisha.

Akaenda kwa Mwongozaji, na Mwongozaji akakubali, kwa mdomo mwepesi kama kawaida yake. Filamu mpya ilikuwa ya mashujaa wa mlimani. Mwalimu hafi. Mwalimu anafika mpaka mwisho, anakaa juu ya mlima anakunywa chai. Nikaanza kushona. Kitambaa cha kahawia kwa wanafunzi, cheupe kwa mwalimu, cha kijivu kwa watu wa nyuma wasiosema kitu. Nilikuwa nimefika kwenye pindo za mwisho, mdogo wangu amekaa mlangoni anapaka panga za mbao rangi ya fedha, Mwongozaji akaingia bila hodi.

"Mama fundi, simamisha. Tumehama."

"Tumehamia wapi?"

"Angani. Watoto wa siku hizi panga hawazitaki. Wanataka nyota, wanataka sayari, vyombo vinaruka vinapigana. Hadithi nimeibadilisha yote."

Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali. Nilitamani cherehani iwe gari.

"Na majoho haya nifanye matambara?"

"Hapana, hapana! Majoho ni yale yale. Yataongezewa kofia nyuma tu. Angani wanavaa kofia."

"Majoho yale yale, lakini hadithi umeibadilisha yote."

"Yote kabisa."

Nikaweka mkasi chini. "Yule yatima aliyechomewa kijiji?"

"Amechomewa sayari."

"Yule mzee anayekaa peke yake mlimani, hataki kumfundisha, halafu anamfundisha?"

"Anakaa peke yake kwenye mwezi wa mbali. Hataki, halafu anataka."

"Ile nyumba ya wageni ya njia panda, ambako majambazi wanakunywa na lazima kiti kivunjike?"

"Imekuwa kituo cha kujazia mafuta ya vyombo." Akakuna kichwa. "Majambazi wapo. Kiti kinavunjika."

"Kile kitabu cha siri kilichofichwa pangoni?"

"Ramani ya siri. Ndani ya mashine."

"Kuruka juu ya mapaa?"

"Huko hakuna uzito, mama, kila mtu anaruka! Hapo nimerahisisha."

"Na ile nguvu ya pumzi, inayotoka tumboni ikapita kwenye kiganja?"

Mdogo wangu aliinua kichwa. Hilo lilimhusu.

"Inatoka kwenye nyota," alisema Mwongozaji, "inapita tumboni, inatokea kwenye kiganja."

"Na yule mbaya, aliyekuwa mwanafunzi wa mzee huyo huyo akaasi?"

"Ameasi angani."

Nilicheka, lakini si kwa furaha. Kijana alikuwa amehamisha nyumba nzima, kuta na mlango, akabadilisha kiwanja tu. Na ukiitazama vizuri kweli ni nyumba moja. Wale wa majoho ya Kichina na hawa wa kwenye nyota wote wanaishi mahali pasipo na kituo cha polisi wala ofisi ya mtaa. Ukidhulumiwa, hakuna dirisha la kupeleka malalamiko. Unachukua upanga wako. Hakuna anayefanya kazi. Hakuna anayefua hayo majoho meupe, na wanalala mapangoni! Mtu ana vitu viwili tu duniani, silaha aliyoachiwa na baba asiyemjua, na mwalimu wake. Mwalimu ndiye baba, ndiye shule, ndiye serikali.

Nikaona inakokwenda. Nikamwangalia mdogo wangu, naye alikuwa ameniangalia, brashi imesimama hewani, rangi ya fedha inamdondokea gotini.

"Na mwalimu?" nikauliza.

Mwongozaji akaanza kukunja karatasi zake. "Ndiyo hapo sasa. Mzee wangu, usinichukie. Angani mwalimu lazima afe."

"Uliniahidi," mdogo wangu alisema.

"Nilikuahidi mlimani! Mlimani ningeweza kukukalisha na chai yako. Angani huwezi kunywa chai wakati mwanafunzi wako anapigana na chombo kikubwa kama mji. Watu watauliza, kwa nini yule mzee mwenye nguvu zote asiende yeye? Mwalimu asipokufa, mwanafunzi atakua lini? Atabaki kujificha nyuma ya joho lako. Lazima ufe kwanza, ndipo yeye aanze."

"Mimi fundi aliyenifundisha cherehani yu hai," nikamwambia. "Anakuja hapa kila wiki, anageuza nguo nje ndani, ananiambia mshono umekwenda kombo. Na nimekua. Ona nilivyokua!"

"Hiyo si filamu, mama fundi."

"Ndiyo maana ina akili."

Tulizozana mpaka mteja aliyekuja kupima suruali akaondoka. Mwishoni Mwongozaji akalegeza kidogo. Mwalimu atakufa katikati, sawa, lakini atarudi mwisho. Atatokea kama roho, anang'aa, ametabasamu, halafu anayeyuka taratibu kwenye nyota. Mwisho wa filamu atakuwepo!

Mdogo wangu akang'aa kabla ya kufa. Jioni ile ile alikwenda kwa mama kumpa habari. Mimi nilikuwa nimekaa pale namenya vitunguu, nikasema moyoni ngoja nione.

"Mama, nitakuwepo mpaka mwisho."

"Mzima?"

"Nitakuwa nang'aa."

"Nimekuuliza, mzima?"

"Nitakuwa kama... kama roho, mama. Lakini roho nzuri."

Mama alimtazama kwa lile jicho moja. "Mzimu," akasema. "Mwanangu ameona kufa hakutoshi, sasa anataka kuwa mzimu. Bora ungebaki kwenye kokoto." Akanigeukia mimi. "Na wewe ndiye utakayemshonea nguo ya mzimu?"

Mimi tena! Nimekaa na vitunguu vyangu, kosa likanifuata.

Roho ikafutwa. Mdogo wangu alikwenda mwenyewe kumwambia Mwongozaji haiwezekani. Akarudi amenyong'onyea, akachukua zile panga za mbao, akazipaka upya. Angani panga zinawaka, na kijana wa kompyuta alikuwa ametaka ziwe nyeupe tupu ili atie mwanga baadaye. Mdogo wangu alizipaka mkono mmoja wa rangi juu ya mwingine, kama anapaka ukuta wa mtu mbishi. Nikamuuliza kwa nini asiache filamu kabisa, abaki na ngazi yake. Alinijibu bila kuniangalia.

"Dada, kwenye ngazi hakuna anayeniita mwalimu."

Nikarudi kwenye cherehani yangu.

Kinyozi wa pale kona ndiye aliyekuwa yatima wa sayari. Kijana mrefu, mpole, na miguu yake haikujua kulia wala kushoto. Mdogo wangu alimfundisha kila jioni uwanjani nyuma ya duka langu, namna ya kusimama, namna ya kushika upanga, namna ya kupumua. Pumzi tena. Nilikuwa nawaona dirishani, fundi rangi na kinyozi, wanavuta pumzi kwa pamoja wakisubiri nguvu ya nyota iwapite tumboni. Na nitasema kweli, kijana alibadilika. Alianza kusimama kama mtu.

Sasa, filamu hairekodiwi kwa mpangilio unaouona. Wanaanza popote palipopatikana. Mwongozaji alipewa ukumbi wa shule kwa siku moja tu, wanafunzi wakiwa likizo, kwa hiyo wakaanza na mwisho, ile harusi yake ya mistari miwili. Yatima ameshinda, anapita katikati, watu wa sayari zote wanampigia makofi. Lakini watu wa sayari zote walikuwa na dharura zao. Mmoja kafiwa, mmoja kapata kibarua, wawili hawakusema kitu. Mistari ikawa na mapengo kama mdomo wa mtoto anayebadilisha meno.

Kwenye filamu zetu hilo si tatizo. Mtu akiuawa asubuhi, mchana anavaa kofia nyingine anarudi kuuawa upande wa pili. Mwongozaji akapiga makofi, "Kila mtu avae joho la kijivu! Maadui nanyi, vaeni! Mama wa vitafunio, vaa! Marehemu, nawe vaa, vuta kofia, inamisha kichwa, nani atakujua?"

Mdogo wangu alipewa joho lililobaki mwisho. Ninalijua joho lile. Kitambaa kilikuwa kimeniishia, nikakosa bitana ya kofia, nikachukua kipande cha pazia kuukuu la mama lenye maua ya manjano nikakishona kwa ndani. Kwa ndani! Nani angeona ndani ya kofia?

Wakaanza. Kinyozi akatokea mlangoni, kifua mbele, mabega chini, hatua inatua polepole kama alivyofundishwa. Alipita kwenye mistari, na kila alipopita vichwa vilibaki vimeinama kama vilivyoamriwa. Alipofika kwa mdogo wangu, kichwa kimoja kikainuka. Hakukusudia, najua. Alikuwa anaangalia miguu ya kijana, aone kama imetua sawa. Ilitua sawa. Basi akainua uso, akatabasamu tabasamu la mtu aliyemaliza ukuta mrefu, na kofia ikateleza nyuma, maua ya manjano yote nje.

"Kofia!" nikaita.

"Mama fundi, kimya! Tunarekodi!" Mwongozaji akanifokea mbele ya watu wazima na mama wa vitafunio.

Nikanyamaza. Niliambiwa ninyamaze, nikanyamaza. Walipomaliza nikamfuata nikamwambia kuna jambo kwenye ule mstari wa kushoto. Akaniambia, "Mishono yako mizuri mama, usijali," akakimbilia gari la kubebea vifaa. Nikajisemea, haya, mimi fundi cherehani tu.

Wiki iliyofuata wakamuua mdogo wangu kule kwenye kiwanda cha matofali, pamegeuzwa mwezi. Alikohoa, akaaga, akalala kushoto. Kinyozi alilia machozi yake mwenyewe, hayakuwa ya maji ya chupa.

Ikabaki mama. Mdogo wangu alimwambia ukweli kwamba ahadi imevunjika, kwa hiyo asije. Mama akasema hakuwa na mpango wa kuja. Jumapili nikaenda mimi kumchukua.

"Anakufa?" akaniuliza.

"Anakufa."

"Sasa nikafanye nini?"

"Ukatazame kazi yangu," nikasema. "Miaka yote unatazama mwanao. Nimeshona majoho ya sayari nzima, mama, na hujawahi kukaa hata kuona upindo mmoja. Leo kaa mpaka mwisho kwa ajili yangu. Akikohoa, fumba macho."

Nilidhani nasema ili nimvute tu. Nilipomaliza nikajifanya natafuta funguo. Mama akavuta mtandio wake.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Mdogo wangu alipotuona alinitolea macho, halafu akaenda kusimama mlangoni mwake kama siku zote. Filamu ikaanza. Nyota zilikuwa nzuri, lazima niseme. Panga ziliwaka kweli. Kituo cha mafuta, majambazi, kiti kikavunjika, watu wakashangilia kiti. Mwalimu akatokea na joho langu jeupe, mama akamgusa jirani, "Huyo wangu." Halafu akanigusa mimi. "Bega la kushoto limekaa juu," akanong'ona. Sawa. Angalau alikuwa anatazama.

Mwalimu akakohoa. Ukumbi mzima ukageuka kutazama kiti cha mbele. Mama alishika mkoba. Niliweka mkono wangu juu ya wake, nikaubana. Akafumba macho, akakaa hivyo, midomo inatikisika, mpaka nilipomwambia kwisha. Nyuma nilimwona mdogo wangu ameshafungua mlango nusu, mwanga umeingia, anamsubiri. Mama hakwenda. Mdogo wangu akabaki pale mlangoni kama mtu aliyeachwa na gari.

Ikaja harusi. Mistari miwili, makofi, kinyozi kifua mbele. Pakatokea maua ya manjano.

"Pazia langu!" mama akasema kwa sauti.

"Shhh," mtu nyuma.

"Unamnyamazisha nani? Pazia langu lile!" Akasimama, akaenda mpaka mbele ya shuka, uso karibu uguse kitambaa, mwanga wa nyota unampita kichwani. "Simamisha hapo! Wewe wa mashine, simamisha!"

Wa mashine akaogopa, akasimamisha. Na pale juu, mkubwa kuliko mlango, mdogo wangu amesimama kwa miguu yake, ametabasamu, na hakuna jeraha hata la kiwembe. Mama akaweka kiganja kwenye shavu la shuka.

"Huyu hapa," akasema. "Mzima."

Mmoja akapiga kelele, "Marehemu kafufuka!" na ukumbi ukalipuka, watu wanacheka, wanapiga viti, kinyozi amesimama juu ya benchi anaita, "Mwalimu! Mwalimu!" Mdogo wangu aliacha mlango akaja mbele, akajiona. Nadhani hakuwahi kujiona hivyo. Mdomo ulikuwa wazi kama wa mtoto chini ya paa la stoo.

Mwongozaji alisimama, jasho linamtoka. "Samahani, ndugu watazamaji, hilo ni kosa la kiufundi. Mwalimu ameshakufa. Kipande hicho kitakatwa."

"Kikatwe?" mama akamgeukia. "Amekufa wapi? Si huyu?"

"Alikufa katikati, mama."

"Katikati nilifumba macho. Mimi sikuona."

Watu wakaanza kupiga kelele asikatwe, asikatwe. Mwongozaji alitazama ukumbi, akatazama shuka, nikaona kabisa akili inavyogeuka ndani ya kichwa chake. Akanyoosha mikono kutuliza watu. Akatangaza kwamba kwa kweli alikuwa anawapima. Kwamba ile ndiyo siri ya filamu yake. Kwamba tangu mwanzo alipanga mwalimu asife, bali ajifiche kati ya watu wa kawaida, amwone mwanafunzi wake akishinda. Watu wakampigia makofi yeye! Mimi niliyeambiwa kimya, nikabaki nimekaa na mkoba wa mama mapajani.

Alitukuta nje tunaondoka. "Mama fundi, umeona? Sehemu ya pili lazima. Anza na joho la mwalimu, tena jipya." Akashusha sauti ili mama asisikie. "Maana pale mwanzo kabisa lazima tumuue, safari hii kwa uhakika."

Nilimjibu neno ambalo sitaliandika.

Tulirudi kwa miguu, mama katikati, mdogo wangu amemshika upande mmoja na mimi upande mwingine. Nilingoja mama aseme chochote kuhusu majoho. Sayari nzima niliivisha. Tukapita duka la viatu, tukapita kwa kinyozi pamefungwa, mama anatabasamu na mambo yake.

"Lile pazia," akasema mwishowe, "nani alikuruhusu kulikata?"

"Mama, lilikuwa limechanika!"

"Limechanika wapi? Nimeliona leo kwa jicho langu, zima kabisa, maua yote yamekaa. Nilikuwa nimelitunza."

"Kwenye gunia, mama. Na panya."

"Nilikuwa nimelitunza."

Mdogo wangu akaanza kucheka. Alicheka mpaka akasimama, akainama, akashika kifua, akakohoa.

Mama aligeuka akampiga kofi la mgongo, la nguvu, mtandio ukamdondoka.

"Usikohoe wewe!"